Moyo Wangu Kwenye Simu ya Mama Akinyi

Ukipimwa mapigo ya moyo hapa Eldoret yakapatikana machache, hakuna anayekuonea huruma. Unapongezwa. Mimi nilipongezwa karibu mwaka mzima, na ilibaki kidogo nizikwe na pongezi zangu.

Nayaandika haya kwa sababu najua kuna mtu mahali ambaye ameanguka mara mbili tatu, amepimwa, ameambiwa yuko sawa, na sasa watu wa nyumbani wameanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Sina elimu ya udaktari. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia barabarani, na tangu hapo kazi yangu ni kutengeneza matangi ya kupoza maziwa, yale makubwa ya vyuma ambayo vyama vya wafugaji hukusanyia maziwa ya asubuhi. Nitasema yale yaliyonipata tu.

Naitwa Odhiambo. Nilizaliwa kando ya ziwa, nikaja huku juu nikiwa kijana kumfuata mjomba aliyefanya kazi kiwandani. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Kitale, nimekaa Kericho, nimekaa Nanyuki, na kila mahali nilipokaa nilianza kupakumbuka mahali pengine kabla godoro halijapata umbo langu. Lakini Eldoret nimekuwa nikirudi. Niliondoka vibaya mara moja, ule mwaka wa machafuko baada ya uchaguzi, na begi moja mgongoni. Nikarudi mambo yalipotulia, kwa sababu nilikuwa nimekosa baridi ya asubuhi na harufu ya mahindi mabichi yaliyonyeshewa. Mke wangu Jepchumba ni mzaliwa wa Soy. Mtoto wetu wa kwanza ni Akinyi, basi majirani wanamwita Mama Akinyi, na mimi pia.

Nilianguka mara ya kwanza wakati wa kupanda, mvua ndefu zikiwa zimeanza. Nilikuwa Cheptiret, nimeinama juu ya mota ya tangi. Kilichofuata ni mabati ya paa, na karani wa maziwa amenisimamia na kikombe cha maji.

"Fundi, umekula leo?"

"Nimekula."

"Basi ni hii moshi ya jenereta."

Nikakubali kwamba ni moshi. Mara ya pili nilikuwa nyumbani kwenye bomba, na hapo hapakuwa na moshi.

Nataka nieleze ilivyokuwa, maana pengine nawe unaipata hivyo hivyo. Hakuna maumivu. Hakuna kushika kifua. Sauti huenda mbali kwanza, kana kwamba mtu amefunga mlango na wenzako wamebaki upande wa pili wakiongea. Halafu hakuna kitu. Halafu unaona viatu vya watu karibu na uso wako, mdomoni una ladha ya chuma, na unaona aibu ambayo hujui umeitoa wapi.

Mama Akinyi alinipeleka hospitalini. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukisogeza matako kidogo kidogo kila aliyekuwa mbele alipoitwa. Muuguzi akanishika kiganja, akaangalia saa yake, akaniangalia usoni, akaangalia saa tena.

"Arobaini na mbili," akasema. "Mzee, unakimbia?"

"Nilikimbia kidogo shuleni."

"Inaonekana. Moyo kama huu tunaupata kwa watu wa Iten."

Benchi yote ilisikia. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, "Mjaluo amekaa kwetu mpaka injini imebadilishwa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda.

Lazima niseme kwa nini nilifurahi, maana furaha hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Hapa kwetu watoto wanaokimbia kwenda shule hukua wakawa watu wa dunia. Kila mtu ana binamu aliyeshinda mbio mahali fulani. Moyo unaopiga polepole ni kama hati ya ukoo. Mtu anayefundishwa mbio huamka na mapigo machache, na madaktari wetu wameona mioyo kama hiyo mpaka wameizoea. Sasa mimi, mtu wa kuja, niliyewahi kufukuzwa mlimani hapa, naambiwa kifuani nimekuwa mwenyeji. Niliibeba habari hiyo nyumbani kama zawadi. Nilimsimulia kila mtu.

Walinifunga nyaya kifuani, karatasi ikatoka na vilima vyake. Moyo mwenda pole, wakasema, lakini mzima. Kunywa maji ya kutosha, punguza chai.

Mvua zikaendelea, palizi ikaja, ikaja ile baridi ya katikati ya mwaka ambapo ukungu hautoki shambani mpaka saa nne. Mwili wangu ukaanza kuniacha. Miguu ilikuwa baridi hata ndani ya soksi mbili. Nilipanda kilima kidogo cha kutoka stendi nikisimama kwenye kila duka, nikijifanya naangalia bidhaa. Nilijua bei ya kila ndoo na kila kandambili katika mtaa ule. Nilisahau majina ya vipuri nilivyovishika kila siku. Na niliendelea kuanguka. Si kila wiki. Ungekuja kila wiki ungekuwa ugonjwa wa kuaminika. Ulikuja ulipotaka, na kila nilipofika hospitalini moyo ulikuwa umerudi kwenye adabu yake, karatasi inatoka safi.

Mama Akinyi akachukua ufunguo wa pikipiki akauweka ndani ya unga. Niliutafuta. Hakuna aliyeniambia mtu anaweza kuficha kitu ndani ya unga.

Mdogo wake, Kiprop, ndiye aliyeleta mshipi. Kiprop anafundisha wakimbiaji wachache kule Kaptagat. Alikuja na kitu kama mkanda wa suruali, laini, wa kufungwa kifuani chini ya shati, na katikati yake kijisanduku kidogo kuliko kibiriti.

"Shemeji, vijana wangu wanavaa hii," akasema. "Ndani kuna saketi ndogo inahesabu mapigo. Inatuma kwa simu yako bila waya, vile simu hutuma muziki kwa spika. Simu yako nayo inatuma kwa mtandao, na sisi tunaona tukiwa mbali. Kama moyo unafanya ujinga, itasema."

Aliyeutengeneza mshipi huo alikuwa Madam Nekesa, mwalimu wa elektroniki kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Alikuwa ameunda mishipi kadhaa kwa ajili ya makocha, akiuunga kila mmoja kwa mkono wake. Kiprop alimweleza habari zangu naye akatoa mmoja, akaiwekea simu ya Mama Akinyi ile programu ya kuonyesha mapigo. Tangu siku hiyo moyo wangu ulikuwa kwenye kiganja cha mke wangu: namba moja kubwa, na chini yake mstari unaotembea.

Nitakuambia ukweli, sikuupenda. Mshipi ulikwaruza. Ilibidi simu iwe mfukoni mwangu daima. Nikiiacha mezani nikaenda chooni, mawasiliano yanakatika na Mama Akinyi anapiga kelele kutoka jikoni. Nikiingia nyuma ya tangi la chuma, mapigo hayapiti. Nilikuwa ng'ombe aliyefungwa kengele.

"Umepanda mpaka tisini," ananipigia. "Unafanya nini?"

"Nabishana na mtu wa mbolea."

"Wacha kubishana, lipa uje."

Siku nyingine: "Umeshuka sana. Umelala?"

"Niko kanisani."

"Hata kama. Amka."

Tulicheka, lakini si kila mara. Mtu aliyezoea kwenda bila kuaga hujisikiaje, akijua hata hasira yake inasomwa na mkewe sokoni? Nilianza kujibu kwa mkato. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa haweki simu chini hata akikanda unga. Alikuwa anaiegemeza kwenye sufuria aione.

Nikaanguka mshipi ukiwa kifuani. Ilikuwa asubuhi, nimetoka kuwapa kuku chakula. Nilipofungua macho Mama Akinyi alikuwa amepiga magoti kando yangu na mkono wake wa kushoto shavuni pangu, na wa kulia umeshika simu. Alikuwa anaangalia simu.

"Arobaini na nne," akasema. "Imekaa tu arobaini na nne. Haijasonga."

Tukampigia Kiprop. Akaangalia yake, naye akaona vivyo hivyo: mstari ulionyooka, umetulia, muda wote niliokuwa chini. Alishukuru Mungu. "Basi si moyo, shem. Moyo uko sawasawa."

Kwa siku moja tulifurahi. Siku ya pili tukaanza kujiuliza, kama si moyo, ni nini.

Watu walikuwa na majibu. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Kogo, bibi wa watoto, alimwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba baba yake mdogo alikuwa anaanguka hivyo, na ilikuwa kifafa kilichohitaji maombi. Ndugu yangu alinipigia kutoka nyumbani kando ya ziwa. "Umefika miaka arobaini na kitu hujajenga hata kibanda kwa baba yako," akasema. "Hiyo ni chira. Rudi ujenge, utaacha kuanguka." Chira ni ile laana inayomfuata mtu aliyevunja mila. Sikuamini, lakini usiku nilihesabu mabati. Kwa upande mmoja nilivutwa kwenda kujenga, kwa upande mwingine nilivutwa kwenda kuombewa, na katikati kulikuwa na watoto wangu waliokuwa wameacha kucheza karibu nami, wakiogopa nitawaangukia.

Daktari wa kliniki alisikiliza kwa makini. Akaona karatasi zote za moyo ni safi, akaona na mstari wa kwenye simu. "Tufikirie kifafa," akasema. "Rudini wiki ijayo tuanze dawa."

Kwangu mimi maneno hayo yalikuwa na maana moja. Mtu wa kifafa haendeshi pikipiki, hapandi ngazi ya tangi, haendi mahali peke yake. Nilimwona yule mimi wa baadaye amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, akiwaangalia wengine wakienda Burnt Forest kutengeneza matangi.

 Nyumbani Mama Akinyi akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Halafu akasema, "Kesho twende kwa huyo mwalimu."

"Kufanya nini?"

"Nataka aniambie mwenyewe. Siku ile nilikushika shingo, Baba Akinyi. Sikupata kitu. Simu inasema arobaini na nne na kidole changu kinasema hakuna."

Hakuwa ameniambia hilo kabla. Alikuwa ameona ni yeye aliyekosea, maana nani ataamini kidole kuliko mtambo?

Tulimkuta Madam Nekesa kwenye karakana ya chuo, mwanamke mnene wa rika langu, miwani imesukumwa juu ya kitambaa cha kichwa. Alitupa stuli na kutuuliza kama tumekunywa chai.

"Mwalimu, mimi sijasoma hizi vitu," Mama Akinyi akaanza. "Lakini nionyeshe ile asubuhi alianguka."

Madam Nekesa akaitafuta kwenye kompyuta. "Hapa. Mshipi ulikuwa umelegea?"

"Niliufunga mwenyewe. Nilikaza mpaka akalalamika."

"Nililalamika," nikasema.

"Haukulegea hata kidogo?"

"Mwalimu, huo mshipi ulimwachia alama mgongoni. Nikuonyeshe?"

Madam Nekesa alicheka, akaukuza mstari ule mpaka ukajaa kioo. Akaacha kucheka. Kabla ya kuanguka mstari ulikuwa unayumba kidogo kidogo, arobaini na tatu, arobaini na tano, arobaini na mbili, kama mtu anayetembea. Halafu ukanyooka kama uliochorwa kwa rula. Halafu ukaanza tena kuyumba.

"Moyo wa mtu hauendi hivi," akasema. "Hata akilala." Akashusha miwani machoni. "Hii si yeye. Hii ni mimi."

Akatueleza polepole. Wakimbiaji wakitoka jasho mshipi huteleza, na mapigo kadhaa hupotea. Makocha walikuwa wakimlalamikia kwamba mistari yao imekatika katika, haisomeki. Basi akakipa kijisanduku amri: pigo likikosekana, usiache pengo, weka wastani wa yale yaliyotangulia. Makocha wakafurahi. Mistari ikawa mizuri.

"Kwa hivyo ilitudanganya," Mama Akinyi akasema.

"Imefanya nilivyoiambia. Sikuwahi kufikiria pigo linaweza kukosekana kwa sababu nyingine. Nilikuwa natengenezea watu wenye afya."

Jenereta ilikuwa inanguruma nje. 

"Uturudishie yale ya kweli," Mama Akinyi akasema.

"Hayapo, mama. Yalitupwa kifuani kwake. Hayakufika hata kwa simu."

"Sasa?"

Madam Nekesa aliniangalia kwa huruma. "Sasa naondoa hiyo amri, itume kila kitu vile kilivyo, na mimi pia nitakuwa naangalia. Lakini itabidi mzee aanguke tena."

Tulirudi kwa daktari tukamweleza. Hakukasirika. Alituandikia barua ya kwenda kliniki ya moyo kwenye hospitali kubwa, ambako siku yetu ingefika baada ya mavuno, na akakubali kuahirisha dawa za kifafa. "Kama mna njia ya kukinasa hicho kitu, kinaseni," akasema. "Lakini asikae peke yake, na asikaribie moto wala barabara."

Basi tukaanza kungoja nianguke.

Moyo ukawa mtoto mtiifu. Mama Akinyi alinifunga mshipi kila asubuhi, akabadilisha betri kila Jumamosi, na mimi nikasimama wima. Mahindi yakakauka shambani. Nililala nimechoka, niliamka nimechoka, lakini sikuanguka. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani kuniombea nisianguke tena milele. Wote waliitikia amina isipokuwa mmoja. Wageni walipoondoka nilimwuliza Mama Akinyi mbona amenyamaza.

"Ningesemaje amina?" akajibu. "Niombe usianguke, na ninataka uanguke?"

Tulicheka mpaka akalia. Ndiyo mara ya kwanza tulizungumza vizuri baada ya miezi. Aliniambia anaogopa kwamba siku itakayokuja, nitaanguka na nisirudi, na tutakuwa tumeupata ushahidi tu wa kuzikia. Nikamwambia hilo ndilo nami naliogopa. Ilikuwa nafuu kubwa kuogopa kitu kimoja pamoja.

Mavuno yakafika. Jumapili moja tulikuwa Soy kwa Kogo, mahindi yamerundikwa uani yakingoja kupukuchuliwa, na watu wengi wamekuja kula. Nilikuwa nimekaa, sahani mapajani, Kiprop akisimulia habari za kijana wake aliyepotea njia katikati ya mbio. Nakumbuka sauti yake ikienda mbali. Yaliyofuata nimesimuliwa.

Niliinama juu ya sahani, nikaanguka ubavu. Watu wakaruka. Kogo akaita jina la Yesu. Simu ya Mama Akinyi ikalia, na ilikuwa Madam Nekesa kutoka mjini.

"Mama Akinyi, mzee ako wapi?"

"Ako hapa chini. Ameanguka sasa hivi."

"Najua. Naangalia. Umesimama kabisa." Kimya. "Bado." Kimya tena. "Sasa. Umerudi. Moja. Mbili. Umerudi. Mlete mjini leo leo, nakuja na kompyuta."

Wanasema Mama Akinyi aliketi kwenye yale mahindi, simu kifuani, akacheka. Mume wake amelala na mchuzi kwenye shati, na yeye anacheka na machozi yanatiririka, akisema, "Imeshikwa. Imeshikwa." Shangazi yake mmoja alitaka kumpeleka yeye hospitalini kwanza.

Gari lililokuwa karibu ni pikapu ya jirani, Mzee Sang. Mimi na Mzee Sang tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu ule mwaka niliokimbia. Sitasema zaidi, sote wawili tulikuwa na sababu. Alileta pikapu bila kuambiwa. Kiprop akashika usukani, na Mzee Sang mwenyewe akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia, akaiweka miguu yangu juu ya mapaja yake na kuishikilia mpaka mjini. Alisema mara moja tu, "Miguu yako ni baridi," akavua koti akaifunika.

Hospitalini Madam Nekesa alikuwa ametangulia, kompyuta imefunguka mikononi. Daktari wa moyo aliyeitwa alikuja na shati la nyumbani. Aliuangalia mstari: pigo, pigo, pigo, halafu uwanda mtupu. Moyo wangu ulikuwa umekaa kimya kwa muda ambao mtu angesali Baba Yetu mpaka "ufalme wako uje" na kidogo zaidi.

"Hii nimetaka kuiona kwa watu wengi," akasema. "Wanakuja kwangu wakiwa wamechelewa." Halafu akaniuliza, "Wewe ni mkimbiaji?"

"Hapana, daktari. Ni fundi wa maziwa."

"Vizuri kwamba umesema hivyo."

Hakuuamini mshipi peke yake, na alifanya vyema. Nataka ulisikie hilo. Nililazwa, nikafungwa mitambo yao usiku na mchana. Siku ya pili, nikiwa nakunywa uji, mtambo wao uliona kile kile. Wakaamua kuniwekea pesimeka, kile kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi na kuugutusha moyo kila unapotaka kusinzia.

Wodini nilipata rehema ndogo ndogo ambazo sitazisahau. Askari wa lango aliyejifanya haoni Mama Akinyi akiingia na chupa ya uji kabla ya saa za wageni. Jirani wa kitanda, mwalimu mstaafu, aliyenisomea gazeti lote hata matangazo ya minada. Kogo, aliyekuja akasimama kwenye mwisho wa kitanda akasema, "Kumbe haikuwa ya baba yangu mdogo," na hiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Siku ya upasuaji nilikuwa macho. Wanakutia ganzi begani tu. Nilifunikwa kitambaa usoni, na nilisikia madaktari wakibishana ni nani atashinda mbio za wikendi. Nilihisi kusukumwa, kama mtu anayebonyeza udongo wa sufuria ya maua. Halafu sauti ikasema, "Sasa tunakuweka sitini, mzee." Sijui nielezeje. Ilikuwa kama umeme kurudi kwenye nyumba iliyokuwa imezoea koroboi. Joto lilishuka mikononi, likafika vidoleni, na baada ya muda nikahisi nyayo zangu. Nilikuwa nimesahau kwamba nyayo zina joto. Nililia chini ya kile kitambaa, na mmoja akauliza kama naumwa.

"Hapana," nikasema. "Endeleeni kubishana."

Wiki zilizofuata sikuruhusiwa kuinua mkono wa kushoto juu ya bega. Mama Akinyi alinivisha shati, akanikata nywele. Chini ya mtulinga nina kivimbe sasa, kama sabuni ya hoteli. Mwanzoni nilikificha. Siku hizi watoto wa majirani huomba kukigusa.

Madam Nekesa alikuja nyumbani kuchukua mshipi wake. Ameibadilisha mishipi yote. Pigo likikosekana sasa pengo linaonekana, jekundu, na kocha lazima aulize. Kiprop anasema mistari imekuwa mibaya tena. "Iwe mibaya," Madam Nekesa alimjibu, na akaongeza chai.

Kwako unayesoma: ukisifiwa kwa kitu ambacho kinakuchosha, uliza tena. Mtambo ukisema u mzima na aliyekushika shingo anasema sivyo, mpeleke huyo mtu kwa daktari akaseme. Na usikubali kuona aibu ya kuanguka. Mimi aibu ilinila kuliko ugonjwa.

Baada ya mwaka mpya, jua likiwa kali na mashamba meupe, daktari alinipima mara ya mwisho ya wakati huo. Akasema naweza kuendesha pikipiki na kufanya kazi zangu. Wiki hiyo hiyo chama kimoja cha Burnt Forest kilinipigia. Tangi lao halipozi. Mama Akinyi alichota ufunguo wa pikipiki ndani ya unga, akaupangusa kwa leso, akanipa. Hakuna mshipi. Hakuna namba kwenye simu yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mshipi uje niondoke bila yeye kujua moyo wangu unafanya nini, na niliona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Nenda," akasema.

Nilifika kabla ya saa sita. Ilikuwa swichi tu. Kazi ilikwisha maziwa ya jioni yakiwa hayajaletwa, na wakaninunulia viazi. Nikawasha pikipiki, nikaielekeza nyumbani. Ule upande mwingine barabara ilikuwa inapanda kuelekea Timboroa, kwenye miti, na upepo wake ulikuwa unanijia usoni. Nilikaa hapo injini ikinguruma. Nikaigeuza kuelekea huko. Mlimani nilisimamisha pikipiki, nikaiacha, nikapanda kwa miguu kile kipande kikali mpaka juu, bila kusimama mahali. Kifua kilikuwa kinadunda, kwa nguvu, kila pigo mahali pake.

Simu ikalia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza zamani."

"Uko wapi?"

Niliangalia chini nilikotoka, na mbele ambako barabara ilikuwa inaendelea.

"Nimepitiliza kidogo," nikasema.

Nikamsikia akiita jikoni, akimwambia Akinyi kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema, "Punguza unga. Baba yako amepona, hatakula hapa leo."